Akses Pointi Sita, Chaneli Moja

Nyumba ya wageni ya ghorofa tatu, Mji Mkongwe, Zanzibar. Akses pointi sita mpya, yaani vifaa vya kurusha waifai, mbili kila ghorofa, zimetundikwa kwenye varanda za ndani zinazozunguka ua. Simu inaonyesha waifai imejaa, lakini ujumbe wa sauti hauendi. Mwenye nyumba alishatenga fedha za kununua ya saba. Nilimwomba asubiri.

Nikapita na simu yenye programu ya kupima mawimbi, na kabla sijamaliza ngazi sababu ikaonekana: zote sita zilikuwa chaneli 6, kwa nguvu ya juu kabisa. Akses pointi haisemi ovyo. Husikiliza kwanza, na ikisikia nyingine inasema kwenye chaneli hiyo hiyo, hungoja. Ua ule uko wazi toka chini hadi juu, kwa hiyo zilisikiana vizuri mno, zote zikagombea zamu moja. Wageni, nyuma ya kuta nene za mawe ya matumbawe na chokaa, ndio waliozisikia kwa shida.

Kwenye gigahezi 2.4, chaneli zimeachana megahezi 5 tu, ilhali kila moja inahitaji kama 20. Ndiyo maana mafundi hushika 1, 6 na 11, ambazo haziingiliani. Tukazigawa: chini 1 na 6, katikati 11 na 1, juu 6 na 11, ili chaneli moja isikae juu ya kichwa cha mwenziwe.

Ubishi ulikuja kwenye nguvu. Niliishusha kutoka dBm 20 hadi 14, yaani kutoka miliwati 100 hadi 25, na mwenye nyumba akaona namnyang'anya alicholipia. Lakini mawasiliano ni ya pande mbili. Akses pointi ikipaza sauti, simu ya mbali inaisikia, ila simu yenyewe haina nguvu kama hizo na jibu lake halifiki. Tena simu ndiyo inayoamua lini ihame. Ikiwa mawimbi ya ghorofa ya chini bado yanaifikia, huyang'ang'ania hata mgeni akiwa juu. Ili kuhama huko kuwe rahisi, jina la mtandao na nenosiri tuliyaacha yale yale kwa zote.

Zikabaki zile kuta nene: akses pointi mbili za ghorofa ya juu tukazitoa varandani tukaziingiza vyumbani, na nyaya zake zikavutwa upya. Kazi hiyo ndiyo iliyokula mchana mzima.

Kabla hujanunua nyingine, fungua mipangilio ya ulizonazo usome mambo mawili: chaneli na nguvu.