Video ya mwanga unaotembea: leza ilipiga mara ngapi?

Bandugu, ile video imerudi tena kwenye magrupu yetu ya WhatsApp: mwanga unapita ndani ya chupa ya Coca-Cola, polepole, kama mtu anatembea. Maneno ya chini ni yaleyale: kamera inayopiga picha trilioni moja kwa sekunde, yaani milioni mara milioni. Na chini yake: "Bazungu bako mbali!" (Ramesh Raskar mwenyewe alizaliwa India, lakini tuache hiyo.)

Ni kazi ya Raskar, Andreas Velten na wenzao wa MIT, Marekani, mwaka 2011. Mwaka 2012 Raskar aliieleza kwenye jukwaa la TED, na mimi nimeangalia maelezo yake mara tatu. Ni mazuri, siwezi kudanganya. Anasema ukipunguza mwendo wa risasi kwa kipimo kilekile, utakaa mwaka mzima ukiingoja imalize safari ileile. Maprofu wetu wengi wangepata somo hapo.

Shida yangu iko kwa lile neno "kamera". Hiyo mashini inaona mstari mmoja tu kwa mara moja. Kwa kupata picha nzima, leza inapiga tena na tena, mamilioni ya mara, kioo kinageuzwa kidogokidogo, halafu kompyuta inashona vipande vyote pamoja. Kwa hiyo ule mwanga unaoona ukitembea si mpigo mmoja. Hakuna mpigo hata mmoja uliofuatwa toka mwanzo mpaka mwisho. Raskar anaisema, ndiyo, lakini harakaharaka, halafu anapita. Wanaosambaza video hawaisemi hata kidogo.

Mtu ataniambia niko natafuta makosa tu. Hapana. Chukua embe. Unataka kuona namna linavyoanguka, lakini kwa kila embe una picha moja tu. Utaangusha maembe elfu kwa namna moja, kila moja utalipiga picha nyuma kidogo ya lile la kwanza, halafu utapanga picha zote. Itaonekana embe moja linaanguka, na haujadanganya mtu sana. Sasa jaribu vile na chupa inayovunjika. Kila chupa inavunjika kivyake.

Na leza ikipiga kitu kwa nguvu, ni mambo ya chupa, si ya embe. Silikoni inayeyuka, mvuke unaruka, shimo linabaki. Mpigo wa pili haukuti tena kitu kilekile. Na hicho ndicho wanachohitaji kujua wale wanaokata vioo au kupasua macho kwa leza: nini kinapita ndani ya ule muda mfupi ambapo mwanga wenyewe unatembea milimita 0.3 tu.

Kabla ya hiyo video watu walikuwa wameshapata njia. Mpigo wa kwanza unagonga, wa pili unafika nyuma kidogo kumulika picha, halafu unasogeza kipande hadi mahali pazima, unaanza upya. Hivyo ndivyo, mwaka 1985, Downer, Fork na Shank wa Bell Labs walionyesha silikoni ikiyeyuka na kuwa mvuke. Hata hapo unaamini tu kwamba mahali papya panafanana na pale pa kwanza.

Kazi ninayoipenda zaidi haikuzunguka kwenye grupu lolote. Japani, mwaka 2014, Keiichi Nakagawa na wenzake walitoa njia wanayoiita STAMP. Wanachukua mpigo mmoja wa kumulika, wanautandaza ili rangi zake zifike moja nyuma ya ingine, na kila rangi inabeba picha ya wakati wake. Mwishoni rangi zinatenganishwa. Kasi: picha trilioni 4.4 kwa sekunde. Zilizopatikana: sita. Sita tu! Ni picha za kijivu, plasma inaanza kuota, hakuna chupa ya Coca-Cola.

Tena ina kasoro yake. Kama kitu kinameza rangi fulani kuliko ingine, utafikiri wakati umepita kumbe ni rangi tu imebadilika. Hiyo si kasoro ndogo. Lakini kati ya zile picha sita hakuna iliyoazimwa kwa mpigo mwingine, na ukiniuliza nichague ipi ya kuonyesha wadogo zetu wa mwaka wa kwanza, nitaanza na hizo. Video ya chupa itafuata, pamoja na hesabu ya mipigo yake.