Masale ya Dirishani

Mbarara, nchini Uganda, iko kusini mwa ikweta, lakini haijafika hata digrii moja, na jambo hilo dogo ndilo linaloamua chungu cha masale kikae wapi. Kuanzia mwishoni mwa Machi jua huelemea kaskazini, na dirisha la upande huo hupigwa na miale hadi Septemba. Kisha zamu huwa ya dirisha la kusini. Vitabu vya Ulaya havifundishi hivyo. Mama mmoja Mkongomani anayeishi Nakivale, makazi ya wakimbizi yaliyofunguliwa 1958, hutunza maua ya ndani katika nyumba za watu mjini, naye huhamisha vyungu kila mvua zinapoanza: mara moja Machi, mara ya pili Septemba.

Masale si mageni kwetu. Wachaga huyapanda mipakani mwa vihamba, na jani lake hubebwa na anayekwenda kuomba radhi. Baganda nao huonyesha mpaka wa shamba kwa mimea ya jamii hiyo. Sebuleni hupendwa zaidi aina yenye ukanda wa manjano katikati ya jani, na mama huyu husoma mwanga hapo hapo: ukanda ukififia na kumezwa na kijani, chungu kimekaa gizani mno.

Ninapomstahi hasa ni kwenye maji. Huzamisha kidole udongoni hadi kiungo cha pili, akakitoa, akakinusa. Kikitoka na ubichi, hamwagi hata tone. "Dada, bado limeshiba," humwambia mwenye nyumba ambaye tayari ameshika jagi. Mizizi nayo hupumua. Ikizama inaoza, majani ya chini yanageuka manjano, na mtu akidhani ni kiu huongeza maji. Masale mengi hufa hivyo, kwa kupendwa. Akiamua kumwagilia, hutumia maji ya mvua aliyokinga, kwa kuwa maji ya bomba yenye floridi au chumvi nyingi huunguza ncha za majani.

Kati ya Juni na Agosti vumbi la barabara za murram huingia kila mahali. Hapo huweka kiganja chini ya jani, akapitisha kitambaa chenye unyevu kutoka shinani hadi nchani, jani baada ya jani. Hapaki mafuta, ingawa wapo wanaopenda mng'ao wake. Mimi naona yuko sahihi: jani safi lina mng'ao wake wenyewe.

Shina likikaribia dari, hulikata. Chini ya jeraha huchipua vichwa viwili au vitatu, na kilele kilichokatwa huwa mche mwingine. Vipande vya katikati navyo havitupwi. Kila kimoja hukikata mshazari upande wa chini na kukiacha bapa juu, maana kikipandwa kichwa chini hakioti, na vikishalala mezani vyote hufanana. Nyumbani Nakivale huvichomeka katika jerikani zilizokatwa nusu na kutobolewa matundu, zenye samadi iliyooza na mchanga wa mto Kagera unaotoka upande wa Kikagate. Hauzi mche kwa sababu tu umetoa majani, kwani kipande huweza kuchipua kwa akiba yake kabla hakijawa na mzizi. Hushika shina, akalivuta taratibu. Likimkatalia, mche uko tayari kupanda gari la Mbarara.