Simba wa Mfalme Mbavuni mwa Mwasi

Yule fundi wa kipindi cha silaha za kale ametengeneza rafali safi ya gumegume, kisha akaivalisha pembe ya baruti isiyo yake. Nayasema mapema ili anayetaka kukasirika aanze sasa. Mtutu mrefu, mtambo unaomwaga cheche, kile kisanduku cha shaba ubavuni mwa kitako kwa mtindo wa mafundi bunduki kina Jacob Dickert wa Lancaster: kazi imetulia, sina neno.

Balaa linaanza anapofungua sanduku la pili. Mliotazama kipindi mnakumbuka kamera ilivyoganda. Akatoa pembe kubwa ya baruti, manjano iliyokolea, imejaa nakshi kutoka kitakoni hadi shingoni: mto Hudson, Albany, Fort Edward, Lake George, Crown Point. Na juu ya yote hayo, nembo ya mfalme wa Uingereza, simba upande huu na farasi wa pembe moja upande ule. Akaitundika begani kwa mtu ambaye tumeambiwa tangu kipindi cha kwanza kuwa ni mlenga shabaha wa Daniel Morgan, kamanda wa waasi wa Marekani, mwaka 1777, yuko njiani kwenda vitani Saratoga. Kwenda kuwapiga askari wa mfalme huyohuyo.

Hivi mtu huyo angelalaje kambini na wenzake?

Pembe za ramani zina zama zake na zina wenyewe. Zilishamiri katika vita vya Waingereza na Wafaransa vya 1754 hadi 1763, hasa miaka ya mwisho, na kwa sehemu kubwa walizibeba wanamgambo na askari wa majimbo ya kaskazini, watu wa musketi zenye mtutu laini ndani. Kambini siku nyingi zilikuwa za kungoja tu, na mwenye kisu kizuri alipata wateja. Askari akarudi kwao na jina lake, mwaka, na ngome aliyoilinda, vyote vimechorwa kwenye pembe ya ng'ombe. Walenga shabaha wa Morgan walitoka Pennsylvania, Maryland na Virginia, mipakani. Huko pembe ilikuwa chombo cha kazi, ikipambwa sana hupigwa pete mbili tatu shingoni.

Najua jibu lililo njiani: "Aliirithi kwa baba yake." Hoja hii ya urithi imenichosha. Kila aliyevaa kitu cha zama zisizo zake ana baba marehemu aliyemwachia. Haya, tuikubali. Pembe iliyosuguana na koti na jasho karibu miaka 20 ingekuwa laini upande wa mwilini, ramani nusu imefutika, kizibo kimeshabadilishwa. Na ile nembo, ifikapo 1777, mwenye busara angekuwa ameshaikwangua kwa kisu. Ya fundi wetu mistari bado inang'aa kwa weusi, na ile manjano ni dawa ya kuzeeshea aliyoipaka juzi. Ukitaka tuamini urithi, tuonyeshe uchakavu.

Halafu ukubwa. Hapa ndipo nilipoona kwamba aliichagua kwa macho tu. Pembe ile inameza ratili nzima ya baruti na zaidi. Rafali ya tundu dogo kama aliyoijenga inatosheka na gramu tano hivi kwa mlio mmoja, kwa hiyo ratili moja ni milio zaidi ya 80. Musketi ya Kiingereza ya wakati huo ilikula karibu maradufu. Ubahili wa baruti na risasi ndio uliomfanya mwindaji wa mipakani aipende rafali. Kumning'inizia ghala la musketi ni kuifuta faida hiyo mbele ya watazamaji. Tena pembe yenyewe inakataa mbavu. Pembe ya kulia na ya kushoto za ng'ombe mmoja hazipindi kuelekea upande mmoja, na anayejua huchagua ile inayolala mwilini. Hii mdomo umechomoza nje, tayari kunasa kila kichaka. Mlimwona mvaaji alivyoishika kwa kiwiko kila alipoinama.

Asili ya kosa hili ni kabati za makumbusho. Pembe zenye nakshi zimesalia kwa sababu familia zilizitunza kama hati za ukoo. Zile tupu zilitumika mpaka zikapasuka, na hakuna aliyezililia. Sasa mtu akizunguka kabati anadhani kila askari alitembea na ramani. Waomani nao walivika pembe zao fedha, lakini hakuna anayedhani kila mvuvi wa Sur alikuwa na moja.

Nakshi yenyewe naiheshimu, tena kuliko wanaoinunua. Mfalme wake kwangu ni John Bush, mtu mweusi huru wa Shrewsbury, Massachusetts, aliyechonga pembe za askari wenzake pale Lake George mwaka 1755. Herufi zake zinapinda na kujikunja kwa raha, na bado unasoma jina la mwenye pembe bila kukodoa macho. Alitekwa Fort William Henry ilipoanguka Agosti 1757, akafa mateka. Pembe ya Bush ilijua ni ya nani na iko wapi. Hii ya kipindini ina mito, ngome, simba, farasi, na pale pa kuandika jina pako patupu.

Kuhusu kumimina baruti kutoka kwenye pembe moja kwa moja hadi mtutuni, kama alivyofanya yule mlenga shabaha, nilishaandika hapa na nitaendelea kuandika: cheche moja iliyobaki ndani na umeshika bomu. Kipimo cha ncha ya pembe ya paa kilikuwa kinaning'inia kwenye mkoba wake, kimependeza, hakikuguswa.

Fundi angefanya nini? Pembe ya ng'ombe ya wastani, ikwanguliwe mpaka iwe nyembamba na ukiiinua juani uone kivuli cha baruti kimefika wapi. Iwe ya ng'ombe kweli; zile nyeusi za nyati-maji wa Asia zinazouzwa rahisi siku hizi hazipitishi mwanga hata ukizikwangua wiki nzima. Kibao cha msonobari au jozi kitakoni, kishikwe kwa vijiti vya mti. Kizibo cha mti, mkanda wa ngozi. Watakaomshauri zile za mdomo wa skrubu za Philadelphia na York watakuwa wamekaribia, ila nyingi ninazozijua ni za mwisho wa karne ya 18 na mwanzo wa ya 19. Kwa 1777 nisingejitia kwenye ubishi huo.

Ile ya ramani asiitupe. Amtafutie mwanamgambo wa New York wa mwaka 1759, mwenye musketi na anayempenda mfalme. Na kile kipembe kidogo cha baruti laini ya kuwashia, ambacho kila fundi wa siku hizi anakitundika kama sheria, akiache nyumbani: pembe moja ilitosha kujaza mtutu na kisahani cha mtambo pia.