Meli Nyeupe Kuliko Yako

Dada yangu anaishi Houston. Mwaka huu mama anakwenda kumtembelea, na dada ameamua kwamba zawadi yake ya kutimiza miaka 70 iwe wiki moja baharini: meli ing'oe nanga Galveston, ipite Cozumel, irudi. Kazi ya kuchagua kampuni, meli na njia akanipa mimi, "kwa sababu wewe ndiye msomaji." Nikafanya wanachofanya wasomaji wakiogopa kuamua: nikatafuta kitabu.

"A Supposedly Fun Thing I'll Never Do Again" ya David Foster Wallace ilitoka kwanza katika jarida la Harper's, Januari 1996, kwa jina jingine; mwaka uliofuata ikabeba jina la kitabu chake cha insha. Jarida lilimtuma Karibi kwa siku saba ndani ya Zenith, meli ambayo yeye kwa utani aliibatiza Nadir: kilele kikageuzwa shimo. Hakuichagua mwenyewe, lakini sijaona aliyeuchambua uchaguzi huu vizuri kuliko yeye.

Sehemu iliyonisaidia zaidi ni pale anapokisoma kijitabu cha matangazo kama mhakiki anavyosoma riwaya. Anagundua kwamba kampuni haisemi unaweza kufurahi, inasema utafurahi. Kinachouzwa ni kupumzishwa kazi ya kuamua. Ndani ya kijitabu hicho mna insha ya Frank Conroy, mwandishi aliyekuwa akiongoza programu maarufu ya uandishi ya Iowa, akiisifia safari. Wallace anamtafuta, na Conroy anakiri kwamba alilipwa. Hasira ya Wallace ni halali: tangazo likijivika joho la sanaa, linatuzoesha kuutilia shaka hata wema wa kweli. Niliposoma upya maelezo ya meli tatu nilizokuwa nimeziwekea alama, yote yalikuwa kwenye wakati ujao. Utapumzika. Utasahau.

Anaujua pia ugonjwa wa kuchagua. Meli nyingine, Dreamward, inapokuwa bandarini kando ya yake, anaiona nyeupe zaidi, na ghafla kasoro za meli yake zinaanza kumuuma. Ukilinganisha meli kwa mabwawa na mikahawa, utaumwa ugonjwa huo kabla hujalipa.

Ninapoachana naye ni kwenye hofu. Wallace anaiogopa bahari na anasema wazi: tangu utotoni alikuwa akikusanya habari za papa. Ni hofu ya kweli, lakini imetoka kwenye kusoma, ndiyo maana anaweza kuifanyia mzaha mrefu. Kifo kwake ni wazo: ule weupe wa meli, ile rangi isiyokoma kupakwa, ni vita dhidi ya kuoza. Wazo zuri. Ila miezi minne baada ya toleo lile la Harper's, tarehe 21 Mei 1996, MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza ikiwa imejaza abiria kupita kiasi, na zaidi ya watu 800 wakafa. Sisi tulikuwa Bukoba. Simlaumu Wallace, hakuandikia Kagera. Lakini nyumbani kwetu meli haijawahi tena kuwa mzaha.

Nilipompigia mama simu kumweleza mabwawa, maonyesho ya jukwaani na chakula kisichokwisha, alisikiliza hadi mwisho. Kisha akauliza: "Maboya yanamtosha kila mtu? Na wanawaonyesha kuyavaa kabla ya kuondoka, au mkishafika katikati ya maji?"

Swali hilo la pili ndilo lililoulizwa baada ya Costa Concordia kugonga mwamba Italia, Januari 2012, na watu 32 kufa. Wapo abiria waliokuwa wamepanda siku hiyohiyo, hawajaonyeshwa chochote. Sasa kanuni za kimataifa zinataka wanaopanda waonyeshwe kabla meli haijaondoka au mara tu inapoondoka. Nikamjibu hivyo.

"Basi hilo ndilo ungeanza nalo, mwanangu," akasema.

Nimeifuta orodha yangu ya kwanza na kuanza upya. Mabwawa yamehamia mwisho. Na mama, ambaye bado hajakubali kupanda, ameomba jambo moja zaidi: chumba kiwe juu, karibu na ngazi.