Bango na Barua

Ukipita Shinyanga mjini, Kahama au Geita mwezi wa Julai, matokeo ya kidato cha sita yakishatoka, utaona mageti ya shule yamevikwa mabango. Kuna picha ya kijana aliyevaa sare, neno HONGERA, na habari kwamba amepata alama za juu na anastahili ufadhili wa masomo. Watu husimama, hutazama, hufurahi, kisha huenda zao. Nami nilikuwa nikisimama hapo kwa fahari kuliko wengine, maana baadhi ya mabango ya namna hiyo niliyatunga mimi. Leo nataka kuyasoma upya, kama mwalimu asahihishavyo insha.

Swali la kwanza la insha yoyote ni hili: nani anasema, na anamwambia nani? Tazama bango. Maandishi makubwa kuliko yote ni jina la shule. Ya pili kwa ukubwa ni daraja na alama. Jina la mtoto hufuata, na chini kabisa ipo namba ya simu ya kuulizia nafasi za masomo. Basi jibu tumelipata. Bango halisemi na mtoto aliyefaulu. Linasema na mzazi wa mtoto mwingine, mwenye ada mfukoni. Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Sisi chema chetu tumekitembeza mpaka tukasahau kukipa haki yake.

Sisemi hayo kwa kusikia. Nilipokuwa mwalimu wa taaluma katika shule moja ambayo sitaitaja, kijana wetu mmoja alifaulu vizuri mno masomo ya sayansi. Ndani ya wiki moja bango lilikuwa getini. Nilichagua picha mwenyewe, nikasahihisha herufi mwenyewe. Jambo moja sikulifanya: sikumpigia simu kijana. Nilidhani mkuu wa shule amempigia; mkuu alidhani mimi nimempigia. Sote tuliona habari imekwisha kutangazwa, tena kwa herufi nyekundu.

Mama yake alikuja shuleni baadaye kwa shughuli nyingine. Alipofika getini akaiona picha ya mwanawe, akaja ofisini kwangu mikono inatetemeka. "Mwalimu," akaniuliza, "mwanangu amepatwa na nini?" Alidhani amekufa. Kwao picha kubwa ya mtu haitundikwi bure. Nilimweleza kwamba ni heri, mwanawe amefaulu. Akacheka, akafuta machozi. Kisha akauliza swali la pili, ambalo mpaka leo linaniamsha usiku: "Sasa, Mwalimu, anatakiwa afanye nini?" Nilipotazama tarehe, dirisha la kuomba ufadhili lilikuwa limekwisha fungwa. Kijana alikuwa kwenye machimbo upande wa Geita, akibeba mawe kutoka kwenye duara kupeleka karasha, atafute nauli ya chuo. Hakujua kwamba picha yake inapigwa jua getini kwetu.

Kuna maneno mawili ambayo sisi walimu tumeyachanganya: kutangaza na kuarifu. Kutangaza ni kusema mbele ya wengi, hakuhitaji jibu. Kuarifu ni kumfikishia mhusika habari yake, na hakujakamilika mpaka yeye ajibu, "Nimepata, nimeelewa." Tofauti hii ni kubwa hasa katika nchi yetu hii ya pamba na dhahabu. Mtihani hufanyika mwezi wa Mei. Matokeo yakitoka, watoto wametawanyika: mmoja anavuna pamba Kishapu, mwingine ameitwa JKT, mwingine yuko Nyarugusu au Rwamgasa ambako simu ya kitochi ndiyo mawasiliano yake yote, tena ikiwa na chaji. Bango lililo Shinyanga mjini litamfikiaje?

Tena kustahili si kupata. Chukua mfano wa Samia Skolashipu, ulioanza mwaka wa masomo 2022/2023 kwa waliofanya vizuri zaidi masomo ya sayansi katika kidato cha sita na wanaoendelea na fani za sayansi, uhandisi, tiba na teknolojia. Husimamiwa na Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu. Alama peke yake hazitoshi: lazima mhusika aombe katika siku zilizowekwa, na awe na udahili wa chuo. Anayeomba mkopo wa kawaida naye ana vyeti vya kuzaliwa vya kuhakikiwa na RITA, na yatima ana cheti cha kifo cha mzazi cha kutafuta. Hayo yote ni kazi ya wiki, si ya siku. Bango halisemi hata moja kati ya hayo. Wala halimkumbuki kabisa yule wa daraja la pili, ambaye hatapambwa getini, lakini naye ana haki ya kujua mlango wake uko wapi.

Mwezi wa Januari 2023 Baraza la Mitihani la Tanzania liliacha kutangaza shule kumi bora na watahiniwa bora, likieleza kwamba watoto hawasomi katika mazingira yanayolingana, na kwamba orodha zile zilikuwa zikizitangaza shule kibiashara. Wapo waliolalamika kwamba bila sifa juhudi itakufa. Mimi siwabezi. Sifa ni chakula. Sisi Wasukuma twajua hilo tangu enzi za Wagika na Wagalu, ambao baada ya mavuno hushindana kwa ngoma mpaka umati uhame upande mmoja kwenda mwingine. Lakini mcheza ngoma husifiwa akiwa uwanjani, anasikia kwa masikio yake, na jasho lingali linamtoka. Sisi tunamsifu mtoto ambaye hayupo, hajui, na hakuulizwa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilikuja kutukumbusha jambo ambalo adabu peke yake ingetosha kutufundisha: kwamba sura ya mtu na jina lake ni mali yake.

Nimeambiwa na walimu wenzangu kwamba kidato cha sita ni watu wazima, matokeo yako kwenye tovuti ya Baraza, na kila mtu ajitafutie. Mtu mzima aliye mjini, sawa. Lakini kama shule iliweza kumtafuta mpiga picha na mchapaji, haiwezi kusema ilishindwa kumtafuta mtoto.

Mimi naona utaratibu ni mwepesi. Kabla ya mtihani, kila mwanafunzi aandike namba za watu wawili watakaoweza kumpata popote alipo, hata kama ni mwenye duka wa kijijini. Matokeo yakitoka, apigiwe kwanza yeye. Kisha ipelekwe barua fupi kwa Kiswahili chepesi: umepata nini, unaweza kuomba nini, wapi, na siku ya mwisho ni ipi. Mwalimu mmoja, mwenye jina, aweke alama ya vema mbele ya kila aliyejibu. Orodha ikikamilika, wenye picha waombwe ruhusa. Hapo ndipo bango litundikwe, nami nitakuwa wa kwanza kulipigia makofi.

Yule kijana alikwenda chuo mwaka uliofuata, kwa mkopo atakaoulipa miaka mingi. Hakunilaumu, na hilo ndilo zito. Mama yake aliniomba bango lilipoteremshwa, nami nikampa. Nilipomtembelea nililikuta uani limetandazwa, limeanikwa mpunga, uso wa mwanawe ukichungulia kati ya punje. "Linafaa sana, Mwalimu," akaniambia, "halipitishi maji." Nilishukuru kwamba hatimaye lilimfaa mtu wa nyumba ile. Lakini barua ingemfaa zaidi, nayo ilikuwa ukurasa mmoja tu.