Pongezi kwa mafundi wa modemu

Nawapongeza kwa moyo wote mafundi wa miaka ya 1990 waliotuunganisha na intaneti kwa laini ya simu. Kompyuta za muundo wa IBM PC ziliweza kuwa na milango minne ya mawasiliano, COM1 hadi COM4, lakini njia za milango hiyo za kuishtua prosesa zilikuwa mbili tu. COM1 na COM3 zilitumia njia namba 4. COM2 na COM4, namba 3. Balaa lilianzia hapo. Mteja ana kipanya kwenye COM1, modemu yake mpya imepangiwa COM3. Inapiga simu vizuri, ila akigusa kipanya, mashine inaganda.

Fundi hodari hakukimbilia kumuuzia modemu nyingine. Alifungua programu ya mawasiliano, akaandika AT, akabonyeza Enter, akasubiri. Ikijibu OK, modemu ni nzima na mlango ndio wenyewe. Ikinyamaza, au mashine ikiendelea kuganda kipanya kikiguswa, alizima umeme, akafungua kasha, akachomoa kadi na kuhamisha jampa zake, vipande vidogo sana, mpaka modemu ipate namba isiyogombaniwa. Kazi ya subira hiyo, na ya macho makali.

Waliobobea walichunguza hata chipu ya UART, ile inayosimamia mlango wa mawasiliano. Ile ya zamani, 8250, ilihifadhi baiti moja tu, kwa hiyo kwenye kasi ya biti 28,800 kwa sekunde herufi zilipotea njiani. Waliweka 16550A, yenye nafasi ya baiti 16, na barua za watu zikafika nzima.