Hiyo "40A" kwenye betri ni ya sekunde ngapi?

Ukiona betri ya 18650 imeandikwa "40A", usishangilie kwanza. Mara nyingi hizo ni ampea za sekunde chache, siyo za mfululizo. Samsung 25R, betri inayoaminika, kiwanda chenyewe kinaahidi ampea 20 tu mfululizo.

Sasa piga hesabu. Sigara ya kielektroniki ya betri moja, ukiiweka wati 80, inavuta kama ampea 19 chaji ikiwa volti 4.2. Ikishuka hadi volti 3.2, inavuta 25! Yaani betri inachoka huku mzigo unaongezeka.

Lebo isiyosema hayo inapotosha, na inayemweka kwenye hatari ya moto ni wewe uliyeishika. Uliza ampea za mfululizo. Muuzaji asipojua, iache dukani.